Gia ya pili inayoachia kwenye habu ya gia tatu

Swali: Baiskeli yangu ina gia tatu zilizo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, aina ya Sturmey-Archer AW. Nikiwa gia ya pili, pedali huzunguka bure ghafla na mguu hushuka kwa kishindo. Je, meno yamelika?

Jibu: Huenda meno ni mazima kabisa. Habu hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1936, ina pengo katika muundo wake, na humo ndimo mguu wako unamotumbukia.

Katikati, juu ya ekseli isiyozunguka, kuna gia ya meno 20. Gia nne ndogo, zilizoshikwa na kibebeo kimoja, huizunguka, nazo zimezingirwa na pete yenye meno 60 upande wa ndani. Cheni ikizungusha kibebeo, pete hukimbia zaidi kwa 20 juu ya 60, yaani theluthi moja, nayo ndiyo hubeba gurudumu: hiyo ni gia ya tatu. Cheni ikizungusha pete, na kibebeo kikabeba gurudumu, mwendo hushuka hadi robo tatu, nayo ni gia ya kwanza. Katika gia ya pili pete huzungushwa na cheni na kubeba gurudumu moja kwa moja.

Anayechagua cheni izungushe kibebeo au pete ni klachi, kipande kidogo kinachoteleza juu ya ekseli. Springi huisukuma kuelekea gia ya tatu, waya huivuta kuelekea ya kwanza, na kati ya kibebeo na pete kuna mahali ambapo haishiki chochote. Waya ukilegea kidogo tu, klachi katika gia ya pili hung'ang'ania ukingo wa pete, na ukikanyaga kwa nguvu inachomoka. Matoleo ya baadaye yaliliondoa pengo hilo.

Weka gia ya pili, kisha chungulia kwenye tundu la nati ya kulia. Ncha ya kijiti kinachofungwa mnyororo mdogo wa gia inapaswa kuwa sawasawa na ncha ya ekseli; ikiwa imezama ndani, kaza waya, na ikiwa imejitokeza, legeza. Funga nati ya kuzuia, jaribu gia zote tatu, na usisimame juu ya pedali kabla ya hapo. Ikiendelea kuachia baada ya marekebisho, ndipo habu ifunguliwe na kingo za klachi zikaguliwe kama zimeviringika.