Hazina ya Farao Petra? Hamna kitu

Ndugu, umeuliza kama kweli kuna dhahabu ya Farao kwenye Khazneh, lile kaburi lililochongwa mwambani katika mji wa kale wa Petra, Jordan. Hizo ni hekaya za Mabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani. Walisimuliana kwamba Farao alificha mali yake ndani ya chungu kikubwa cha mawe kilichoko kileleni mwa kaburi, basi wakakimiminia risasi wakitaraji dhahabu imwagike. Alama zipo mpaka leo. Kumbe chungu chenyewe ni mwamba mtupu, hakina hata uwazi ndani! Waliolichonga kaburi hilo ni Wanabatea, Waarabu wa kale waliokuwa na makao yao Petra, yapata miaka 2,000 iliyopita, na wengi hulihusisha na mfalme wao Aretas IV. Mwaka 2024 wanaakiolojia walichimba chini yake wakakuta mifupa ya watu 12.