Jibu: Je, kifaa cha ubongo cha mzee kinaweza kudukuliwa?

Ndugu wa Bungoma, umeuliza kama mzee wako, aliyepandikizwa kifaa ubongoni huko India ili kutuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, anaweza kudhuriwa na mdukuzi. Mimi hukagua mitambo ya hospitali hapa Kisumu, na baba mdogo wangu anaishi na kifaa cha aina hiyo.

Uwezekano upo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha maabarani kwamba mawimbi ya redio yanatosha kusoma taarifa za kifaa cha kushtua moyo na hata kubadilisha mipangilio yake, na mwaka 2017 vifaa vya moyo vipatavyo 465,000 nchini humo vilihitaji programu mpya ili kuziba mwanya wa namna hiyo. Cha ubongo nacho huzungumza na mashine ya daktari kwa redio, ila ni lazima mtu awe karibu. Kwa redio hiyo pekee, aliye Nairobi hamfikii mzee aliyeketi Bungoma.

Ninachokihofia zaidi ni rimoti ya mgonjwa, ile ya kukiwasha na kukizima kifaa. Ya baba mdogo ilikuwa ikikaa kochini pamoja na ya televisheni, na jioni moja mjukuu aliyepakatwa akaichezea kifuani pa mzee, palipo na betri ya kifaa. Muda si mrefu mkono ukaanza kutetemeka hadi chai ikamwagika kwenye sahani, na mama mdogo, akidhani ugonjwa umezidi, akawa anatafuta gari la kwenda hospitali, kumbe kifaa kilikuwa kimezimwa tu. Ikiwa mtoto anaweza hilo bila kukusudia, mwenye nia mbaya aliyemo nyumbani hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta.

Utasema basi wakifunge kwa nywila. Lakini daktari wa zamu asiyemfahamu mzee, akitaka kumpiga usiku picha ya MRI, ile ya ndani ya mwili inayotumia sumaku kali, atakifikiaje kifaa hicho ili akiweke katika hali salama? Kwa hiyo siwalaumu sana watengenezaji kwa kuacha njia ya dharura, ingawa kurusha taarifa za mgonjwa hewani bila kuzisimba, yaani kuzigeuza fumbo lisilosomeka na mwingine, ni uzembe usio na utetezi.

Waandikie waliompasua uulize kama kuna programu mpya ya modeli yake. Rimoti ikae na mzee mwenyewe au na mama. Na ile picha ya kadi yake uliyoibandika hapa, yenye modeli na namba ya utambulisho ya kifaa, tafadhali iondoe leo.