Unataka kumwaga zege la njia ya gari na unakaa karibu na bahari? Soma hii kwanza

Nakaa Kigamboni, upande wa Mjimwema, kutoka getini kwangu mpaka ufukweni ni kama mita 400 hivi, usiku kukitulia unasikia mawimbi kabisa, na asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo cha gari ukakilamba ni chumvi tupu. Naanza na hiyo chumvi kwa sababu ndiyo ilinifanya nijenge njia ya gari mara mbili, na naandika hii kwa sababu naona majirani wapya wanamwaga zege vilevile nilivyomwaga mimi mara ya kwanza na roho inaniuma, ile ni hela ya mtu.

Ya kwanza nilimwaga Januari 2014. Unene sentimita 10, ndani nondo za milimita 8 zimesukwa kama wavu, zege lote siku moja kuanzia saa nne asubuhi, na mwishoni fundi akanyunyiza saruji kavu juu akapiga niru mpaka ikang'aa kama sakafu ya sebuleni. Kila aliyeingia alisifia. Kufika 2016 kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, mwaka uliofuata kwenye zile nyufa yakatokea madoa ya kahawia, kama mtu kamwaga chai ya rangi, na 2018 vipande vikaanza kubanduka vyenyewe gari ikipita.

Siku moja nikachukua nyundo nikaanza kugonga taratibu kutoka getini. Sehemu nyingine inalia kavu, ti ti ti, sehemu nyingine inalia bo, kama dumu tupu. Pale panapolia bo nikaingiza patasi, likanyanyuka ganda zima la ukubwa wa sinia, chini yake nondo imelala. Ilikuwa imevimba, inabanduka tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, nikaikwangua na bisibisi mpaka nikafika kwenye chuma chenyewe, kilichobaki ni chembamba kama kijiti cha mshikaki. Nikapima lile ganda lililokuwa juu yake, halikufika upana wa vidole viwili vyangu. Sehemu nyingine lilikuwa upana wa kidole kimoja tu.

Nikaanza kuuliza watu wanaojua, injinia mmoja mstaafu wa mtaani kwetu akanikalisha kibarazani akanieleza vizuri sana. Zege zima lina ukali fulani ndani yake, kama ule wa chokaa, na huo ukali ndio unailinda nondo isishike kutu. Ila zege lina vitundu vidogo vidogo ambavyo macho hayavioni, na kwenye vile vitundu na zile nyufa chumvi ya baharini inaingia na unyevu, inasogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka mpaka inafika kwenye chuma, ikifika ule ulinzi unavunjika na kutu inaanza. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili, mara tatu na zaidi, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka, halafu ufa ukishafunguka chumvi inaingia kwa raha. Sasa vile vitundu vinatoka wapi? Vingi vinatokana na maji tuliyozidisha siku ya kuchanganya. Saruji inachukua maji kiasi inachohitaji, yale yaliyozidi yanakauka yanaondoka na nyuma yanaacha matundu.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba njia yangu haikuharibika 2018, iliharibika ile siku moja ya Januari.

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Umeshafika Kilwa Kisiwani? Nimefika. Ile misikiti na lile jumba la kale la Husuni Kubwa, miaka mamia imesimama pembeni ya bahari kwa mawe ya matumbawe na chokaa, umeona nondo mle ndani? Hakuna. Akasema chumvi ya pwani inatafuta chuma, usipompa chuma umeshampunguzia kazi nusu. Halafu njia ya gari si boriti wala slabu ya ghorofa, imelala chini ardhi inaibeba, nondo kazi yake pale ni kushika nyufa zisifunguke tu, na nyufa unaweza kuzidhibiti kwa kukata viungo, yaani mistari inayogawa zege vipande vipande. Kwa hiyo ya pili nilimwaga bila nondo hata moja. Kama wewe unazitaka lazima, sawa, ila hakikisha zina angalau sentimita 5 za zege juu yake na zimekaa kwenye biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuinulia nondo, zisizame wala kuinuka, sio fundi anazilaza chini kwenye kifusi halafu anakwambia atazivuta juu na ndoano wakati wa kumwaga, hazivutwi hizo, watu wanazikanyaga zinarudi chini.

Kazi ya pili niliifanya Agosti 2019. Mwezi nilichagua makusudi. Januari na Februari kaskazi inavuma, jua kali na upepo, zege linanyonywa maji juu kabla halijashika, ile ya kwanza kufika alasiri ilikuwa imeshachora nyufa kama tope la bwawa lililokauka na fundi akazifunika na niru. Masika huwezi, mvua itakuoshea saruji. Juni mpaka Septemba kuna ubaridi kidogo na mvua ni chache, ndiyo nafasi nzuri kwetu huku.

Chini tulichimba tukatoa udongo wote wa juu na mizizi, kwetu ni mchanga mtupu unaotitia, tukaweka kifusi kizuri cha moramu sentimita 15 kwa awamu mbili, kila awamu inamwagiwa maji kidogo inashindiliwa na kompakta ya kukodi mpaka ukikanyaga na kisigino hakiachi alama. Usiruke hapa, zege halina nondo, kitu pekee kinacholibeba ni hicho kifusi. Juu yake nailoni nzito, ili unyevu wa chumvi wa chini usipande na maji ya zege yasinyonywe na kifusi.

Kokoto nilileta za Lugoba, za jiwe gumu. Zile za Kunduchi ni za mawe ya matumbawe, ni laini na zinanyonya maji, zina kazi zake ila kwenye njia inayokanyagwa na matairi kila siku mi nisingeziweka. Mchanga usikubali wa ufukweni hata ukiletewa bure, una chumvi na chembe zake ni ndogo mno, na kuuchota ni kuharibu fukwe yetu wenyewe. Chukua wa mtoni, na kabla haujashushwa weka kiasi kwenye chupa ya maji ya uwazi, jaza maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, acha masaa matatu. Kama mchanga umekaa sentimita 10 basi tope la juu lisifike hata sentimita moja. Lori la kwanza nililirudisha, dereva alikasirika sana lakini tope lilikuwa sentimita mbili na ushee, nikamwonyesha chupa akanyamaza.

Na maji ndugu zangu. Visima vingi vya huku vina chumvi, watu wanachotea maji hayohayo ya kisima kuchanganyia zege kwa sababu yapo uani. Yaonje. Kama huwezi kuyanywa usiyaweke kwenye zege, hasa kama kuna nondo, maana hapo unakuwa umemtia adui ndani tangu siku ya kwanza. Nilileta boza la maji baridi nikajaza tanki, ya kuchanganyia na ya kumwagilia.

Vipimo, na hapa nakuomba usimame mwenyewe usimwachie mtu. Saruji ya 42.5, hiyo ni namba ya nguvu yake imeandikwa kwenye mfuko, kila mfuko wa kilo 50 mchanga ndoo mbili na nusu, kokoto ndoo tano, ndoo za lita 20, zimejazwa usawa wa mdomo sio kilima. Maji yasizidi ndoo moja na robo, yaani lita 25, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza zaidi maana una maji yake. Fundi aliangalia ile ya kwanza ilivyotoka kwenye mikseri akaniambia, dada zege gumu hivi vijana watachoka, ngoja niongeze ndoo nusu tu lilainike. Nikamwambia fundi wangu nakuheshimu, ila hiyo nusu ndoo ndiyo iliyonivunjia njia ya kwanza, vijana nitawaongezea posho na vibreta, mashine ya kutetemesha zege, nimekodi ile pale. Tukaelewana. Zege likiwa sawa ukilibeba kwenye chepe linakaa kama kichuguu, haliteremki lenyewe, ila vibreta ikiingia linalainika linajaza pembe zote halafu linatoa mapovu. Mapovu yakikoma toa, usiiache humo muda mrefu kokoto zitazama.

Njia yangu ni mita 12 kwa 3, unene nikaweka sentimita 12 na nusu kwa sababu boza na lori la mchanga vinaingia, getini nikaongeza mpaka 15 maana pale ndipo gari zito linapokunja. Kwa gari ndogo tu sentimita 10 zinatosha. Hesabu ikaja mita za ujazo 4 na nusu na kidogo, kwa mchanganyiko ule kila mita moja inakula mifuko 8, nikanunua 40 ikabaki miwili.

Sasa viungo. Zege litapasuka tu, linapokauka linasinyaa, hilo hulizuii, unachofanya ni kuliambia lipasuke wapi. Niligawa vipande vinne vya mita 3 kwa 3, mraba kabisa, kipande kirefu chembamba kinapasuka katikati. Kwa unene huu usivuke mita 3. Tulimwaga kwa kuruka, cha kwanza na cha tatu siku moja, baada ya siku tatu tukatoa mbao tukamwaga cha pili na cha nne, ubavu wa lile la zamani umepakwa oili chafu kidogo lisishikane. Kama umemwaga lote kwa pamoja kata na grainda mapema, ndani ya siku hiyohiyo au alfajiri inayofuata, kina robo ya unene, ukichelewa mpaka kesho kutwa ufa umeshachagua njia yake. Na pale zege linapogusana na ukuta wa nyumba na nguzo za geti weka kipande cha sponji cha unene wa sentimita moja, lisije likausukuma ukuta jua likiwaka.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa tatu na nusu kipande cha siku kilikuwa kimesawazishwa. Mteremko sentimita 2 kila mita kwenda pembeni kwenye bustani, maji yakisimama juu ya zege yakakauka yanaacha chumvi yake palepale. Niru nilikataa kabisa. Ile saruji kavu ya juu inatengeneza ngozi nyembamba inayobanduka, na ikinyesha inateleza, mama yangu mzazi alishawahi kuanguka kwenye ile ya zamani. Tulisawazisha na kibao cha mbao, tukasubiri maji ya juu yaondoke, halafu fundi akapitisha fagio la chelewa jipya kwa mkupuo mmoja mmoja kutoka upande mmoja hadi mwingine kukata njia. Mistari myembamba, matairi yanashika na maji yanafuata mistari kwenda bustanini. Mpaka leo ukiinama unaiona mistari ya zile chelewa.

Dakika tu baada ya fagio nikafunika nailoni, nikaikandamiza na matofali kingo zote upepo usiingie. Zege lilipokuwa gumu la kukanyagika nikaweka magunia juu, nikayalowesha, nikarudisha nailoni. Watu wanapenda kutengeneza matuta ya mchanga wajaze maji kama jaruba la mpunga, ni njia nzuri sana ila kwenye mteremko jaruba halishiki. Siku 7 ni lazima, mi nilikwenda 14, asubuhi mchana jioni, hata usiku nilitoka na tochi kupapasa magunia. Hii hatua haina gharama ila maji na uvumilivu, na ndiyo watu wanaiacha siku ya pili tu, wanasema zege limeshakauka. Kukauka ndiko tunakokuzuia! Saruji inahitaji maji ndani yake iendelee kushika, ikikaukia njiani inabaki na matundu na juu inakuwa unga unga, ukifagia inatoka vumbi kila siku.

Gari yangu niliiacha nje kwa jirani wiki mbili, boza halikuingia mpaka siku ya 28.

Leo imeshapita miaka zaidi ya mitano. Kila baada ya masika nazunguka na nyundo yangu ileile nagonga kipande kwa kipande, chote kinalia kavu. Ufa upo mmoja, mwembamba, kwenye kona ya getini ambapo dereva wa lori la matofali alipandisha tairi juu ya ukingo, pembeni kifusi kilikuwa kimeliwa na maji ya mvua. Nimejaza moramu nikaishindilia, na viungo vyote vitatu nimekwangua mchanga nikaviziba upya na lami ya moto kabla vuli haijaanza.