Jikoni na Shangazi: Kaviari juu ya nageti, zege la kamba na maswali mengine

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: chipsi, nageti, baga, bisi, vitu tulivyozoea kununua njiani, vipambwe vipi nyumbani kwa kitu cha anasa. Nimezifurahia mno. Nimekaanga chipsi hotelini na nimekaanga kibandani, na naamini kiazi kilichokaangwa vizuri kinastahili heshima ile ile tunayoipa biriani. Sharti langu ni moja tu, na mtalikuta kwenye kila jibu hapa chini: cha ghali kiwe kimoja, kije mwisho, na kisipikwe ndani ya chakula chenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Wifi yangu kaja kutoka Dubai na kikopo cha kaviari, gramu 30. Nimeona kwenye simu watu wa New York wanakula nageti za kuku zenye kaviari huku wanatazama tenisi. Mume wangu anatimiza miaka 40 Jumamosi, na kwake hakuna chakula kama kuku wa kukaanga. Naogopa kuharibu kitu cha thamani. Nifanyeje?* — Mama Wawili, Kigamboni

Marahaba mwanangu, na hongera kwa baba watoto. Ulizoziona ni za Coqodaq, mgahawa wa kuku wa Kikorea ulioko Manhattan. Mwaka 2024 waliziuza kwenye mashindano ya US Open, nageti sita kwa dola 100. Bei ni ya kwao, lakini wazo lina akili: kuku wa moto aliye mkavu nje, kitu cheupe chenye uchachu, halafu mayai ya samaki ya baridi yenye chumvi na mafuta yake. Hayo yote unayaweza Kigamboni.

Anza na kikopo, usianze na kuku. Soma lebo. Kaviari ya kweli ni mayai ya samaki aitwaye stajeni, na lebo itakuandikia jina lake la kisayansi, Acipenser au Huso, pamoja na namba ndefu ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu biashara ya samaki huyu inadhibitiwa duniani kote tangu 1998. Usipoyaona hayo, huenda ni mayai ya samaki mwingine yaliyotiwa rangi nyeusi. Yanalika, ila ukiyaweka juu ya mtindi yatautia weusi, kwa hiyo yaweke dakika ile ile ya kula.

Kisha muulize wifi yako, bila kumuonea haya: kikopo kilisafiri na barafu? Kama lebo inasema kaviari imepashwa moto kiwandani na haihitaji friji kabla ya kufunguliwa, hapo hamna neno. Kama ni mbichi yenye chumvi tu na imeshinda kwenye begi la nguo kutoka Dubai hadi Dar, itupe. Najua inauma. Kuumwa tumbo siku ya sherehe kunauma zaidi. Kama ilisafiri kwenye baridi, iweke chini kabisa ya friji, penye nyuzi 0 hadi 4, wala usiipeleke kwenye friza kwa sababu mayai yatapasuka. Ukishaifungua, imalizeni siku hiyo hiyo.

Ijumaa usiku chukua mtindi mzito, umimine kwenye kitambaa safi, ufunge na uning'inize ndani ya friji juu ya bakuli. Asubuhi maji yatakuwa yamechuruzika na utabaki na kitu kizito kinachokaa juu ya kijiko bila kumwagika. Usitie chumvi hata chembe. Hao wa New York wanatumia malai iliyochachushwa. Mtindi wako unafanya kazi ile ile.

Kuku tumia paja, si kidari. Paja lina mafuta na halikauki. Likate vipande vya kutia mdomoni mara moja au mbili, loweka kwenye maziwa mgando yenye kitunguu saumu na pilipili manga kwa saa chache. Chumvi nusu ya uliyozoea, kwa sababu kaviari inakuja na yake. Pakaza unga wa ngano uliochanganywa na unga wa wanga wa mahindi, sehemu mbili kwa moja, viache dakika kumi unga ushike, ndipo ukaange kwenye mafuta ya kutosha. Chovya kijiti cha mshikaki: mapovu madogo yakikizunguka haraka, mafuta yako tayari. Kaanga vichache vichache. Vitoe kwenye wavu, si kwenye karatasi, maana juu ya karatasi vinajitokea jasho chini na kulainika.

Sasa subiri. Dakika mbili, tatu. Hapa ndipo wengi wanapoikosa. Kuku akiwa wa kuunguza, kaviari inaiva na kuwa mayai ya samaki ya kawaida tu. Kipande kiwe cha moto lakini unaweza kukishika bila kukiachia. Weka kijiko kidogo cha mtindi juu, halafu nusu kijiko cha chai cha kaviari, na mpe mtu mkononi mwake ale hapo hapo. Gramu 30 zitakupa vipande kama kumi. Vile vingine mle na pilipili yenu ya siku zote. Kijiko cha fedha usitumie, kinaiharibu ladha. Cha mti, cha pembe au cha plastiki kinafaa. Limau, kitunguu na achari viwekwe mbali na hivyo kumi.

*Shangazi, hiyo kaviari inayozungumzwa ni halali? Na hakuna ya karibu zaidi ya Urusi?* — Msomaji, Unguja

Hukumu ya dini waulize wenye elimu yake. Ninachokijua ni hiki: ni mayai ya samaki na chumvi, basi, na sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo samaki wote yanawahalalisha. Mashia ndio waliokuwa na mjadala, kwa sababu kwao samaki lazima awe na magamba, na stajeni magamba yake ni ya shaka. Iran, nchi iliyoko kwenye Bahari ya Kaspi alikozaliwa samaki huyu, ilisubiri hadi 1983 ndipo Ayatollah Khomeini alipotoa fatwa ya kumruhusu. Soma tu lebo uone hakuna kilichoongezwa usichokitaka.

Na ya karibu ipo. Jirani zetu wa Madagascar wanafuga stajeni kwenye ziwa Mantasoa, mashariki ya Antananarivo, na kaviari yao iko sokoni tangu 2017. Kila nikiifikiria napata moyo. Bahari hii hii yetu, na mtu kaamua kwamba kisiwa cha vanila kinaweza kuwa cha kaviari pia.

*Mambo Shangazi! Mimi nasoma chuo Dar, naishi gheto na wenzangu watatu. Tunataka kumwandalia mwenzetu zege, yaani chipsi mayai, la kumaliza mitihani, zege la kishua, lakini si la kaviari jamani. Tuna jiko la gesi la plate moja na friji hatuna. Tuweke nini?* — Kijana wa Ubungo

Kamba, mwanangu. Una bahati ya kuishi mji wenye soko la samaki la Feri. Nenda mapema asubuhi na ndoo yenye barafu, nunua nusu kilo ya kamba wa wastani wenye vichwa vyao, wenye kung'aa na wasionuka kitu ila bahari. Mkirudi pikeni siku hiyo hiyo, maana friji hamna.

Menyeni, na msitupe vichwa wala maganda. Hapa ndipo utajiri ulipo. Vitieni kwenye kikaango na mafuta ya kupikia kikombe kimoja, moto mdogo kabisa, na kipande cha tangawizi. Mviponde ponde kwa mwiko. Taratibu mafuta yatageuka rangi ya machungwa, na harufu itawaita majirani. Yakifika hapo, chujeni. Hayo mafuta ni ya thamani kuliko kamba wenyewe, na mtu wa hoteli akiyadondosha matone matano juu ya sahani anakutoza bei ya usafiri wa kurudi kwenu. Yatumieni siku hiyo, msiyaweke.

Viazi vikateni vinene kama kidole cha mtu mzima, vilowekeni kwenye maji hadi maji yawe meupe, mvibadilishe maji, kisha vikaushwe kwa kitambaa. Kaangeni mara mbili. Mara ya kwanza moto wa kati, dakika tano au sita, viive bila kupata rangi. Vitoeni vipoe. Mara ya pili moto mkali, dakika mbili tatu, hadi vilie vikitikiswa. Najua chipsi za zege huwa laini na watu wanazipenda hivyo, nami nazila. Lakini zege lenye kitu juu yake linataka chipsi zenye mfupa, la sivyo linalegea lote.

Mayai matatu kwa kila sahani, kitunguu kidogo, pilipili hoho, chumvi. Mwageni juu ya chipsi kwenye kikaango, geuzeni mara moja, lipakueni likiwa bado lina unyevu katikati. Kamba msiwachanganye na mayai! Wakipikwa ndani ya zege wanatoa maji, zege linaloa na wao wanakuwa mpira. Wakaangeni peke yao, kwa siagi au samli, kitunguu saumu na pilipili mbuzi iliyochanjwa tu, moto mkali. Wakijipinda kama ndoano, watoeni. Mkichelewa watajikunja wawe duara, na hapo wamekwisha ladha. Wapangeni juu ya zege, dondosheni yale mafuta, kamulieni ndimu, na kachumbari ikae pembeni kwenye kibakuli chake. Tomato sosi isikanyage hapo siku hiyo.

Na mmoja wenu asipokula kamba, au kamba wakiwa ghali siku hiyo, chukueni korosho. Zikaangeni kavu hadi zipate rangi, zitwangeni nusu nusu, mchanganye na pilipili ya kusaga na chumvi, mnyunyize juu ya zege wakati wa kula. Tunalima korosho Mtwara na Lindi, tunazisafirisha nje, halafu tunaziona kama kitu cha wageni.

*Shangazi, nimenunua chupa ndogo ya mafuta ya trafeli, ule uyoga wa bei mbaya wa Ulaya. Nafikiri kuyatia kwenye viazi karai. Waonaje?* — Mama K., Mombasa

Sitii, na wewe usitie. Mengi ya mafuta hayo ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa harufu ya kutengenezwa maabara, na uyoga wenyewe haumo. Soma nyuma ya chupa, ukiona neno la harufu au ladha ya kutengenezwa, ujue ndiyo hayo. Harufu yake itapigana na bizari na dania uliyotia kwenye unga, na ukwaju utaifanya ichukize. Yatie kwenye chipsi za chumvi tupu au mayai ya kuvuruga, matone tu, uyamalize kabla hayajachacha.

Viazi karai vikitaka anasa, vipe zafarani. Nyuzi kumi na tano, ishirini, uzisugue kwa vidole na punje ya sukari, uziloweke kwenye kijiko cha maji ya vuguvugu kwa robo saa, kisha uchanganye na mayonezi au mtindi na kitunguu saumu kidogo sana. Chovya kiazi humo. Gramu moja ya zafarani inataka maua kama 150, ndiyo maana wauzaji wadanganyifu ni wengi: nyuzi za kweli zinatoa rangi ya manjano polepole na zenyewe zinabaki nyekundu. Zikitoa rangi papo hapo na kubaki nyeupe, zirudishe dukani.

*Salamu kutoka Maskati. Hapa Ghuba naona dhahabu juu ya kila kitu, hadi aiskrimu na baga. Wanangu wanataka bisi za dhahabu siku ya Idi. Ni salama?* — Ummu H., Maskati

Salama ikiwa ni ile ya chakula, karati 22 hadi 24, iliyoandikwa wazi kwamba ni ya kuliwa. Ile ya mapambo na ufundi usiisogeze jikoni, mara nyingi ina shaba na zinki. Ya chakula haina ladha wala harufu, inapita tumboni kama ilivyoingia, kwa hiyo usiihesabu kama kiungo. Watoto wakiitaka sana, karatasi moja inatosha bakuli la kila mmoja, uichane kwa ncha ya kisu kwa sababu ukiigusa inang'ang'ania vidole.

Ladha iweke chini yake. Pika bisi kwa samli ya ng'ombe, zikiwa bado za moto zimwagie samli nyingine iliyoyeyushwa na iliki ya kusaga na sukari laini, zitikise. Huko Oman mna tende nzuri kuliko sisi: katakata chache za kukauka, zichanganye na lozi, uzitie mwisho ili zisifanye bisi zilowe. Na zitolewe mezani zikiwa ndani ya robo saa, maana unyevu wa Maskati utazilainisha haraka kuliko watoto wanavyoweza kuzila.