Jina langu na muhuri wa komine

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye simu: "Mama, kama Mobutu alianguka, mbona unasema serikali ni ile ile?" Swali lako limeninyima usingizi.

Aprili 1997 askari wa AFDL, waasi wa Kabila waliomwangusha Mobutu, rais wetu wa miaka mingi, waliingia hapa Lubumbashi, vijana wembamba wenye mabuti ya mpira, wale tuliowaita kadogo. Tulitoka Katuba kuwashangilia, nami nililia kwa furaha. Usidhani tulikuwa wajinga. Miaka mingi tulicheza ngoma za kumsifu mtu mmoja, na kila mtoto alizaliwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha Mobutu, atake asitake. Tarehe 17 Mei Mzee Laurent-Désiré Kabila akajitangaza rais akiwa papa hapa mjini. Zaire ikarudi kuwa Kongo, Shaba ikarudi kuwa Katanga, bendera ya mwenge ikashushwa.

Basi nikaenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, kurudisha jina langu. Unajua nilibatizwa Thérèse. Mwaka 1972, majina ya kizungu yalipopigwa marufuku, mwalimu alilifuta kwenye daftari la darasa, nikabaki Ngoie. Ni jina la bibi yangu, ninalipenda mno. Kilichoniuma ni kuamriwa.

Pale komine nilimkuta karani yule yule. Abakosti, lile koti la enzi ya Mobutu lisilovaliwa na tai, ameivua, amefunga tai. Fomu zilikuwa za Zaire. Neno hilo alilikata kwa kalamu, juu yake akaandika Congo. Muhuri haukubadilika. Kisha akaniomba pesa ya sukari, wala hakushusha sauti. Mwezi huo huo wa Mei vyama vya siasa vikazuiwa kufanya kazi. Mwaka 1998 ikaja franka mpya, moja kwa zaire mpya 100,000, zile pesa za zamani, na karani akaanza kuomba kwa franka.

Lakini nisikusikie ukisema hakuna kilichobadilika. Zamani papa yako alifunga dirisha kabla ya kumtaja Mobutu. Wewe juzi umeisema serikali kwa sauti, ukiwa ndani ya basi, abiria wakakuitikia. Uhuru huo haukuletwa na kadogo. Watu walianza kuudai kabla yao, na wanafunzi wa chuo kikuu hapa waliulipia kwa damu usiku mmoja wa Mei 1990. Nilikuwa na mimba ya dada yako. Asubuhi hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti.

Karatasi ile ya komine ninayo bado, kwenye sanduku la bati: Ngoie Thérèse, Zaire imekatwa, Congo juu yake. Ukija likizo nitakupa uishike.

Mama yako