Siena au Lucca, York au Bath: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Miji Midogo ya Kale

Ndugu Mhariri, mimi na mama tuna siku nne Italia, mwezi wa Mei. Mama magoti yanamsumbua: kwenye tambarare anatembea saa nzima, ila ngazi zinamshinda. Dada yangu anasisitiza Siena, mimi moyo uko Lucca. Tulale wapi?

Laleni Lucca. Kwa uzuri Siena inashinda, na hapo hatubishani na dada yako. Lakini Siena imejengwa juu ya vilima vitatu, na karibu kila njia utakayoshika inapanda au inashuka. Hata uwanja wake mkuu, Piazza del Campo, haukulala sawa: umeinama kama ganda la chaza kuelekea jumba la halmashauri. Mwenye magoti mabovu mara nyingi huumizwa na kushuka kuliko kupanda, na Siena kushuka hakuishi, tena juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi. Mvua ikinyesha, mawe hayo ni sabuni.

Lucca ni tambarare. Palipoinuka pekee ni ukuta wa mji, uliokamilika katikati ya karne ya 17, nao hupandwa kwa njia za mteremko wa taratibu. Juu yake kuna barabara pana yenye miti, mzunguko wa kilomita 4.2, isiyo na gari hata moja. Mwenda pole huumaliza kwa saa moja na nusu, na akichoka njiani anashuka kwenye njia iliyo karibu. Kituo cha treni kiko nje tu ya ukuta wa kusini, mwendo wa dakika chache, kwa hiyo hamtahitaji teksi siku ya kufika wala ya kuondoka.

Kwenye kuchagua chumba ndipo wengi hukosea. Orofa ya kwanza kwa Waitalia ni ile ya juu ya sakafu ya chini, na katika majumba ya zamani dari za orofa za chini huwa juu mno. "Orofa ya pili" inaweza kuwa vidato hamsini. Mwenye nyumba usimwulize orofa, mwulize vidato kutoka mlango wa barabarani hadi kitandani, na kama lifti ipo, inaanzia chini kabisa au baada ya ngazi za kwanza.

Siena msiikose, lakini msijaribu kwenda na kurudi kutoka Lucca kwa siku moja. Treni hadi Florence peke yake ni kama saa moja na dakika ishirini, bado safari ya pili hapo mbele. Usiku wa mwisho laleni Siena kwenyewe, ndani ya mji. Kutoka Florence chukueni basi badala ya treni: basi huwashusha juu, karibu na Piazza Gramsci, ilhali treni huwaacha bondeni. Kuna ngazi za umeme zinazopanda kutoka upande wa pili wa kituo, ndefu na za vipande vingi. Kipande kimoja kikiharibika, mama atapanda kwa miguu.

Na Mei ni mwezi mzuri. Mbio za farasi za Palio, huko Siena, hukimbizwa tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Katikati ya uwanja watu husimama bure, lakini wakishafungiwa hukaa saa nyingi bila choo. Lucca nayo hufurika mwishoni mwa Oktoba, wakati wa tamasha la katuni na michezo.

Je, tukikodi gari haitakuwa rahisi zaidi?

Kwa vijiji vya milimani, ndiyo. Kwa miji hii miwili, gari ni mzigo. Katikati ya miji mingi ya kale Italia kuna eneo la ZTL, ambalo asiye na kibali haruhusiwi kuingia na gari saa fulani. Hakuna kizuizi wala askari, kamera tu inayosoma namba ya gari. Ubao ukiandika *varco attivo*, kamera inafanya kazi, usipite. Ukiandika *varco non attivo*, njia iko wazi. Neno "attivo" huwadanganya wageni wakadhani njia ndiyo imefunguliwa.

Ukipita bila kibali, utalipa zaidi ya mara moja. Kampuni ya gari hukata ada yake kwanza kwa kutoa jina lako, halafu miezi kadhaa baadaye faini yenyewe hukufuata nyumbani. Kama hoteli iko ndani ya eneo, iombe iandikishe namba ya gari kabla hujaingia, na udai uthibitisho kwa maandishi. Njia nyepesi ni kuegesha nje ya kuta na kuingia kwa miguu.

Nimepata nafasi ya kazi ya mwaka mmoja Uingereza, na mwajiri ananiruhusu kuishi York au Bath. Kwa picha yote ni miji ya kupendeza. Kwa kuishi je?

Anza na reli, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utabaki au utahama kazi ikibadilika. York iko kwenye njia kuu ya mashariki: London ni kama saa mbili, Leeds chini ya nusu saa. Bath kwenda London ni kama saa moja na nusu, Bristol robo saa. Mwenye shughuli London kila wiki aende Bath. Anayetaka kaskazini na Uskoti, York.

Kisha ardhi. York ni tambarare na baiskeli inatosha, lakini tambarare hiyo inalipiwa kwa maji. Mto Ouse hupanda karibu kila majira ya baridi, na barabara za ukingoni kama King's Staith na Skeldergate huwa za kwanza kuzama. Mwaka 2000 maji yalipanda zaidi ya mita 5 juu ya kawaida yake ya kiangazi. Desemba 2015 kizuizi cha mto Foss kilishindwa na nyumba nyingi zikaingiwa na maji. Kizuizi kimeboreshwa tangu hapo, lakini kabla ya kutia saini ingiza msimbo wa posta wa nyumba kwenye ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko, nayo ni bure. Nyumba ya orofa ya chini ya ardhi karibu na mto usiichukue hata kwa nusu ya kodi. Bei ya bima ya vitu vyako nayo itakwambia ukweli ambao dalali hakukwambia.

Bath shida yake ni vilima na nyumba zenyewe. Chuo kikuu kiko juu kabisa, Claverton Down, na kupanda kilima cha Lansdown na mifuko ya sokoni kila juma ni kazi. Nyumba zake nzuri ni za karne ya 18, za mawe laini ya chokaa ya rangi ya asali, na nyingi zimesajiliwa kama majengo ya kihistoria. Usajili huo una meno: kubadili dirisha au mlango bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa mmiliki. Ndiyo maana madirisha ya kioo kimoja ni mengi, na gharama ya kupasha joto inaweza kukushangaza. Mwulize mwenye nyumba kama kuna kioo cha pili kilichowekwa kwa ndani, na umwombe alama ya matumizi ya nishati ya nyumba, inayopangwa kuanzia A hadi G. Chini ya D, jiandae.

Ukienda kukagua, sogeza kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje na uweke kiganja nyuma yake. Ukuta baridi tu si tatizo; ukuta baridi wenye majimaji na madoa meusi ni ukungu. Tazama pia chini, kama mita moja kutoka sakafuni: mstari wa unga mweupe ni chumvi iliyopandishwa na unyevu wa ardhini. Mara nyingi mkosaji ni saruji. Ukuta wa mawe wa zamani ulijengwa kwa chokaa ili upumue, fundi wa baadaye akaupiga plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea na sasa unatokea chumbani. Rangi mpya iliyopakwa upande mmoja tu wa chumba itilie shaka.

Kwa sheria ya Uingereza amana haizidi kodi ya majuma matano kwa nyumba za kawaida, nayo lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Anayekuomba zaidi, mwache.

Tukilazimishwa kuchagua: mtu mmoja mwenye baiskeli, York, mbali na mto. Bath inamfaa mwenye kipato kikubwa na miguu imara.

Nitajuaje kama mji unakalika au umebaki wa watalii tu?

Nenda Jumanne ya mwezi mbaya, usiende Jumamosi ya kiangazi. Jioni saa mbili tembea barabara moja ya katikati uhesabu madirisha yenye taa. Tazama vizingiti vya milango: visanduku vidogo vya funguo vyenye tarakimu vikiwa mlango baada ya mlango, majirani zako watabadilika kila siku tatu. Kisha tafuta duka la misumari na balbu, famasi, na shule ya msingi, vyote ndani ya robo saa ya miguu. Famasi utaipata. Duka la misumari ndilo hutoweka mapema, kwa kuwa mtalii hanunui misumari.

Toledo, Hispania: tulale, au twende asubuhi turudi Madrid jioni?

Laleni usiku mmoja. Treni ya kasi kutoka Madrid ni nusu saa tu, na ndiyo sababu mchana mji hujaa na jioni hubaki mtupu. Mji uko juu ya mwamba uliozungukwa na mto Tajo pande tatu. Kupanda, tumieni ngazi za umeme upande wa barabara ya Recaredo, ila haziendi usiku kucha. Julai na Agosti joto huweza kupita nyuzi 40, kwa hiyo makanisa asubuhi, mitaa jioni, mchana kulala.

Hoi An, Vietnam, mwezi wa Novemba tumepata chumba cha bei rahisi sana. Kuna siri gani?

Siri ni mto Thu Bon. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mafuriko, na mji wa kale uko ukingoni kabisa. Pia hakuna treni wala uwanja wa ndege hapo: mnashukia Da Nang, kama kilomita 30, na barabara ikifunikwa mnabaki mlipo. Hamisheni safari hadi Februari au Machi. Mkishindwa, chukueni chumba cha orofa ya juu, mbali na mto, chenye ruhusa ya kufuta bila kulipa. Mkifika, ingieni moja ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani zilizo wazi kwa wageni. Ukutani kuna alama za kimo cha maji mwaka baada ya mwaka, na kwenye dari tundu la mraba lenye kifuniko, la kupandishia bidhaa juu maji yanapoingia mlangoni.