Maswali ya Wasomaji: Bastola, Risasi za Kujaza na Kanuni za Uwanjani

Barua za safari hii zinahusu ulengaji shabaha wa vitendo, mchezo unaosimamiwa duniani na shirikisho la IPSC lililoundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani. Mchezaji hupiga shabaha za karatasi na za chuma huku akitembea na kubadilisha magazini, na muda wake unapimwa na saa inayosikia milio ya risasi.

Nina leseni na bastola ya kawaida ya 9x19, yaani ya risasi za milimita 9. Nataka kuanza kushindana pale uwanja wa kulenga shabaha wa Kirigiti. Ninunue nini, na niingie daraja gani? — Msomaji, Kiambu

Ingia Production, daraja la bastola za kawaida zisizobadilishwa, au Production Optics ikiwa bastola yako ina kioo cha nukta nyekundu. Usibadilishe chochote kwenye bastola kwa sasa. Fedha yako iende kwenye mkanda mgumu, holsta ya plastiki ngumu, vifuko vinne vya magazini, magazini tano, miwani na vizuia sauti vya masikioni. Mkanda laini wa suruali hauwezi kazi hii. Ukichomoa bastola, holsta nayo inapanda, na mkono wako kila mara unakuta mpini mahali tofauti.

Holsta ifunike triga. Ukisimama wima umelegea, mdomo wa mtutu usielekee zaidi ya mita 1 kutoka miguuni pako. Mpini wa bastola na magazini zisikae mbali na kiwiliwili zaidi ya milimita 50, na katika Production vyote vikae nyuma ya mfupa wa nyonga. Holsta nyingi za kubebea bastola chini ya nguo hukwama hapa.

Jambo linalowaumiza wageni ni idadi ya risasi. Katika Production, baada ya mlio wa kuanza hakuna magazini inayoruhusiwa kuwa na zaidi ya risasi 15, hata kama inabeba 17. Ukikutwa na 16 unahamishiwa daraja la Open, na huko utapambana na bastola zenye kioo na kipunguza mrusho. Jaza magazini zako nyumbani huku ukihesabu kwa sauti, kisha kagua matundu ya nyuma.

Rafiki yangu alipima risasi zake hapa Pwani zikafaulu. Alipokwenda kushindana bara, kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ikampa nguvu ya 124.8, akaambiwa aendelee kupiga lakini bila alama. Kwa sehemu mbili za kumi tu? — Msomaji, Mombasa

Ndiyo, kwa sehemu hizo mbili tu. Kanuni inatamka wazi kwamba desimali hazihesabiwi: 124.9999 si 125.

Kipimo cha nguvu ni uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Nguvu ndogo inaanzia 125. Nguvu kubwa ni 170 katika madaraja ya Standard, Classic na Revolver, na 160 katika Open. Production haina nguvu kubwa, kila mtu anahesabiwa ndogo. Mchezaji wa Standard aliyetangaza nguvu kubwa akashindwa kufika 170 anashushwa hadi ndogo na alama zake zinabaki. Anayeshuka chini ya 125 hana pa kushukia.

Tuchukue kichwa cha greni 147, kinachopendwa sana kwa kuwa mrusho wake ni laini. Kikienda futi 852, unapata 125.2, umepita. Kikienda futi 849, unapata 124.8, umeanguka. Futi tatu ni kitu kidogo mno. Kronografu mbili zikiwekwa sambamba zinaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Lililo baya hapa ni kiwango alichojichagulia, kwa hiyo asikilaumu kifaa.

Wengi hulaumu mwinuko wa bara. Kwa mita chache kati ya mtutu na kronografu, hewa nyepesi haina athari ya maana. Kinachobadilisha mwendo ni joto la baruti: risasi iliyopimwa saa nane mchana Mombasa si ile iliyoshinda kwenye baridi ya asubuhi ya Kiambu. Tena, baruti nyingi za bastola hazijazi hata nusu ya ganda, hivyo mahali zilipolala ndani ya ganda hubadilisha mwako. Jipime hivi: piga risasi kumi, kila moja ukielekeza mtutu chini kwanza kisha ukiinua taratibu kulenga. Huo ndio mwendo wako wa chini, nao ndio wa kuutumia kwenye hesabu. Sisi tungemshauri alenge 130, yaani futi 885 kwa kichwa cha 147. Tofauti ya mrusho kati ya 126 na 130 haisikiki mkononi.

Ajue pia utaratibu wenyewe, maana kuna nafasi ya mwisho ambayo wengi huipoteza. Huchukuliwa risasi nane. Moja hufunguliwa, kichwa chake kikapimwa uzito. Tatu hupigwa. Zisipotosha, hupigwa nyingine tatu, na wastani hutolewa kwa tatu zenye kasi zaidi kati ya sita. Zikishindwa, ya nane ni uamuzi wa mchezaji: ifunguliwe ipimwe uzito, kwa matumaini kwamba kichwa chake ni kizito zaidi, au ipigwe na ihesabiwe pamoja na nyingine. Mwenye kupima vichwa vyake nyumbani anajua achague lipi. Kama vinatofautiana kwa greni nzima, apime uzito. Kama vinalingana ila mwendo unapandapanda, apige.

Naishi Pretoria na ninajaza risasi zangu mwenyewe za 9x19, yaani naziunda kwa maganda, baruti na vichwa. Bastola inakwama: slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) haifungi mpaka mwisho, inabaki milimita mbili hivi. Risasi za dukani hazina shida hiyo. — Msomaji, Afrika Kusini

Usibadilishe springi, na usisukume slaidi kwa kiganja. Fungua bastola, toa mtutu, ushike ukiwa umeelekea chini, kisha dondosha risasi kwenye chemba, sehemu ya mtutu inapokaa risasi. Risasi nzuri inaingia na mlio mfupi wa "tak", kitako chake kinalingana na mwisho wa mtutu, inazunguka kwa kidole, na ukigeuza mtutu inaanguka yenyewe.

Ikigoma, ipake wino wa kalamu nene nyeusi kuanzia ncha hadi kitako, irudishe ndani, izungushe, itoe uitazame kwenye mwanga. Mkwaruzo ndio jibu lako.

Wino ukikwaruzika kwenye kichwa, risasi ni ndefu kwa mtutu huo na inagusa mifereji iliyo ndani ya mtutu. Urefu wa juu kabisa wa 9x19 ni milimita 29.69, lakini kipimo hicho hakikuhakikishii chochote kwa bastola yako. Mitutu ya CZ inajulikana kutaka risasi fupi, hasa za vichwa butu vilivyonenepa. Punguza urefu kidogo kidogo mpaka risasi izunguke, kisha ifupishe kidogo tena ili ibaki nafasi. Na hapa tunakuomba uwe makini sana: ukizamisha kichwa ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua na msukumo unapanda. Kwa hiyo ukifupisha risasi, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti, upande upya.

Wino ukitoka kwenye mdomo wa ganda, hujaurudisha vya kutosha baada ya kuutanua. 9x19 inasimama kwenye chemba kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo kazi ya dai ya mwisho (dai ni kifaa cha mashine ya kujazia kinachounda ganda) ni kunyoosha ule upana tu. Kipimo cha mdomo kikae karibu na milimita 9.60. Wengine hubana kwa nguvu wakidhani kichwa kitashikika zaidi. Kinyume chake, risasi ikibanwa mno kichwa kinaminywa, ganda linarudi nyuma kidogo, na kichwa kinalegea. Jaribu kwa kusukuma ncha ya risasi kwenye meza kwa dole gumba, kisha upime tena kwa kalipa. Urefu usipungue. Ukipungua, risasi hiyo itasukumwa ndani zaidi inapogonga njia ya kuingilia chemba, na msukumo utapanda pasipo wewe kujua.

Wino ukitoka karibu na kitako, ganda limevimba na dai ya kwanza haikushuka mpaka chini. Mara nyingi ni maganda ya kuokota. Shusha dai mpaka iguse sahani ya mashine, na maganda yanayogoma yatupe.

Tazama na praima, kiwashio kidogo cha kitakoni: iwe chini ya usawa wa kitako, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipitisha kidole uhisi kishimo. Iliyochomoza inakwamisha slaidi, na pigo la kwanza linaishia kuisukuma badala ya kuiwasha. Ndiyo sababu mtu anasema risasi zake "zinawaka mara ya pili".

Hatari kubwa kuliko zote hizi ni baruti mara mbili. Kwa kuwa kipimo kimoja hakifiki nusu ya ganda, cha pili kinaingia bila kumwagika, na bastola inapasuka. Weka taa juu ya mashine ili uone ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Mashine ikikwama, usiendelee kwa kukisia. Toa maganda yote yaliyomo, baruti irudishwe chupani, anza upya. Mezani pakae chupa moja tu ya baruti. Usiongee na simu.

Kwa kuwa uko Afrika Kusini, unajua kwamba sheria Na. 60 ya 2000 inaruhusu mwenye leseni kujijazia, na kikomo cha kawaida ni praima 2,400 kwa kila silaha. Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi ukimaliza, na usisafishe maganda ndani ya nyumba wanamolala watoto. Vumbi lake lina madini ya risasi, ile metali yenye sumu.

Je, nami naweza kujaza risasi nyumbani hapa Tanzania? — Msomaji, Arusha

Leseni ya kumiliki silaha isikupe uhakika kwamba unaweza pia kutengeneza risasi zake. Silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya udhibiti ya mwaka 2015. Uliza kwa maandishi mamlaka iliyokupa leseni, pata jibu kwa maandishi, kabla ya kununua hata dai moja. Wakikataa, nunua risasi za dukani za toleo moja, uzipime, na ushindane kwa hizo. Hakuna alama unayopoteza kwa kutojaza mwenyewe.

Nilitolewa mashindanoni kwa sababu ya kidole. Sikufyatua risasi, sikumwelekezea mtu. Mbona adhabu kali hivyo? — Msomaji, Nakuru

Kwa sababu kidole kilichosahaulika kwenye triga ndicho kinachofyatua mtu anapojikwaa. Ukiwa hulengi wala hupigi, kidole kinatakiwa kionekane nje ya uzio wa triga: unapopiga hatua, unapobadilisha magazini, unapoondoa risasi iliyokwama. Refa akikiona ndani wakati huo, umetoka kwa mashindano yote, si kituo kimoja cha kupigia. Ni hivyo hivyo ukivusha mtutu nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, ukidondosha bastola yenye risasi, au ukiishika bastola nje ya eneo la usalama bila amri. Na ndani ya eneo la usalama ni marufuku kushika risasi, hata za mazoezi.

Mtego mkubwa upo kwa mtumia mkono wa kulia anayekimbia kwenda kushoto huku akibadilisha magazini. Mwili unageuka, mtutu unafuata kiuno. Fanya zoezi hilo nyumbani, bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine: mtutu ubaki umeelekea ukuta wa mbele, miguu ndiyo igeuke. Bandika kipande cha utepe kwenye fremu mahali kidole kinapopumzika, ili ukihisi kwa ngozi bila kutazama.

Bora kasi au bora alama? — Msomaji, Nairobi

Hesabu inajibu vizuri kuliko sisi. Alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Kwa nguvu ndogo, pigo la eneo A la shabaha ni alama 5, C ni 3, D ni 1. Kukosa ni kutoa 10.

Kituo cha mapigo 12 kina alama 60. Wa kwanza amepata A zote kwa sekunde 10: anapata 6.00. Wa pili ana A tisa na C tatu, alama 54, kwa sekunde 8.5: anapata 6.35, naye ndiye mshindi, anachukua zote 60. Wa kwanza anapewa 56.67. Wa tatu amekimbia kwa sekunde 8, A kumi, C moja, na amekosa moja: 43 gawanya kwa 8 ni 5.38, anaambulia 50.76.

Kwa mwendo wa 6, C badala ya A inakugharimu theluthi ya sekunde. Kukosa kunakugharimu sekunde 2.5, kwani unapoteza zile 5 na kukatwa 10. Kwa hiyo usisimame kutafuta A ya mita 20 kwa nusu sekunde zaidi. Lakini ukihisi risasi imetoka nje ya karatasi, piga nyingine papo hapo, kabla hujahama.

Nikisikia mlio dhaifu katikati ya kituo, niendelee? — Msomaji, Eldoret

Simama. Kidole nje, mtutu kwenye shabaha. Huenda praima imewaka bila baruti na kichwa kimekwama mtutuni; risasi inayofuata itavimbisha mtutu au kuupasua. Refa naye atakusimamisha akiusikia. Ikithibitika kwamba kichwa kimekwama, hurudii: unahesabiwa ulichokwisha kupiga. Refa akikusimamisha na mtutu ukakutwa mzima, unarudia kituo chote.